Rangi za Boti Kuukuu na Mashine Yake: Kutoka Milwaukee hadi Clayton

Kurudisha boti kuukuu katika sura yake ya mwanzo ni kazi ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya seremala na makanika, huku rangi ikiachwa mwisho kana kwamba ni pambo ambalo mwenye chombo anaweza kujichagulia apendavyo. Mtazamo huo una kasoro kubwa, kwa sababu rangi ndiyo inayotaja umri wa chombo kwa mtu aliyesimama gatini, kabla hajasogea kusoma namba iliyogongwa kwenye chuma. Nayo ikikosewa, hata mbao zilizoungwa kwa ustadi na injini inayonguruma bila kukwama haziwezi kuificha dosari hiyo. Uchaguzi wa rangi, kwa maana hiyo, ni uchaguzi wa wakati: mrekebishaji anaamua ni mwaka gani wa maisha ya chombo atakaourudisha machoni pa watu, na kila tone la rangi linalofuata hulazimika kuutii uamuzi huo.

Jambo hili huonekana vizuri zaidi katika barabara inayozunguka upande wa kusini wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, ikianzia Milwaukee katika jimbo la Wisconsin, ikashuka kando ya Ziwa Michigan kupitia Waukegan na Chicago, ikapinda kuelekea mashariki hadi South Bend katika jimbo la Indiana, ikapita Sandusky kwenye Ziwa Erie, kisha ikapanda hadi Clayton, mji mdogo wa jimbo la New York uliojengwa ukingoni mwa mto Saint Lawrence. Ni katika ukanda huu ambamo biashara ya mashine ya kupachika ilikua, yaani injini ndogo iliyounganika na rafadha yake, ambayo hufungwa kwa skrubu kwenye ubao wa tezi na kung'olewa chombo kinapopumzishwa. Na ni humohumo zilimojengwa nyingi za boti za mbao zilizozibeba mashine hizo. Msafiri anayeifuata barabara hii kwa utaratibu, akiwa na swali la rangi kichwani, hukutana na hoja moja inayojirudia kila anaposimama: kwamba boti na mashine yake vilipakwa rangi na viwanda viwili visivyoshauriana, na kwamba kati ya hivyo viwili, mashine ndiyo inayostahili kusikilizwa kwanza.

Milwaukee ndiko Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norwei, alikoanza kuuza mashine yake ya kupachika mwaka 1909. Mashine hiyo ilikuwa na nguvu ya farasi mmoja na nusu hivi na uzito wa takriban kilo 28, na silinda yake, gurudumu lake la juu na tangi lake vyote vilikuwa wazi mbele ya macho. Kwa chombo cha aina hiyo swali la rangi karibu halipo, kwa kuwa uzuri wake ulitokana na madini yenyewe, yaani chuma cha kusubu na shaba na, kuanzia miaka ya 1920, alumini, ambayo Evinrude aliitumia kwa wingi katika mashine nyepesi aliyoiita Elto. Mrekebishaji anayepata mashine ya miaka hiyo na kuipulizia rangi ya gari, hata iwe rangi ya heshima kiasi gani, anakuwa ameifunika historia yake. Kinachotakiwa ni kusafisha, kung'arisha pale palipong'arishwa na kiwanda, na kuacha rangi ijifiche katika sehemu chache tu ambazo ushahidi unaonyesha ilikuwepo.

Rangi ilipata nafasi yake pale injini ilipovishwa kifuniko. Wakati silinda na waya vilipokuwa nje, hapakuwa na uso mpana wa kubeba rangi wala jina, lakini kifuniko cha bati au alumini kilichoviringwa kilikipa kiwanda ubao wa tangazo unaoonekana kutoka ng'ambo ya ziwa. Mmoja wa watu waliosukuma mabadiliko hayo alikuwa Brooks Stevens, msanifu wa bidhaa za viwandani wa Milwaukee, aliyeifanyia kazi kampuni ya Evinrude kwa miaka mingi na ambaye kumbukumbu za michoro yake zimehifadhiwa katika Jumba la Sanaa la Milwaukee, lile lenye mabawa meupe yaliyosanifiwa na Santiago Calatrava na kufunguliwa mwaka 2001 kando ya Ziwa Michigan. Inafaa safari ianzie hapo, kwa sababu jengo hilo lenyewe, likiwa jeupe mbele ya maji ya buluu yanayobadilika kila saa, humfundisha mtazamaji kwamba rangi yoyote ya majini huonekana daima pamoja na rangi ya maji na ya anga, na si peke yake kama ionekanavyo kwenye kadi ya dukani.

Mabadiliko mengine yalitoka kwenye magari. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920, kupaka rangi gari kwa vanishi za mafuta kulihitaji siku nyingi za kukausha. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ilitoa rangi iliyoitwa Duco, iliyotengenezwa kwa selulosi iliyotibiwa kwa tindikali ya naitriki, ambayo ilikauka upesi na kushika rangi nyingi zenye kung'aa, na mwaka uliofuata magari ya Oakland yakaingia sokoni yakiwa ya buluu badala ya weusi uliozoeleka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mnunuzi aliyekuwa na gari la rangi mbili uani kwake hakuona sababu ya kununua mashine ya boti iliyo kama pampu ya kisima, na viwanda vikamwelewa.

Katika miaka ya mwanzo ya 1950, mashine za Evinrude zilijulikana kwa buluu na zile za kampuni ya Johnson kwa kijani iliyokolea. Tofauti hiyo ilikuwa na uzito kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kampuni hizo mbili zilikwisha kuunganishwa chini ya shirika moja mwaka 1936, na kufikia katikati ya karne mashine zao za ukubwa mmoja zilikuwa na viungo vingi vya ndani vilivyofanana, hata makanika angeweza kuhamisha kipuri kutoka moja hadi nyingine. Kilichozitenganisha mbele ya mnunuzi kilikuwa umbo la kifuniko, nembo na rangi. Mtu anayeipaka Johnson buluu kwa sababu boti yake ina viti vya buluu huwa ameondoa alama kuu iliyompa mnunuzi wa wakati ule sababu ya kuingia duka hili badala ya lile, na mashine yake huwa imepoteza utambulisho wake ingawa kila bolti ni ya asili. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuishikilia rangi ya kiwanda katika mashine kwa ukali ambao hauhitajiki katika boti.

Sababu ya pili hupatikana kwa kuiacha barabara kuu na kupanda kaskazini kiasi cha kilomita 30 hadi Cedarburg, mji wa majengo ya mawe ambako Carl Kiekhaefer alinunua kiwanda kilichofilisika mwaka 1939 na kuanzisha kazi iliyozaa mashine za Mercury. Katika historia ya kampuni hii rangi hufuata miaka kwa ukaribu kiasi cha kutumika kama kalenda: kijani iliyokolea katika mashine kama KG7 Hurricane za mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha rangi mbili mbili za kuchangamka katika mfululizo wa Mark, ambao mwaka 1957 ulifikia Mark 75 yenye silinda sita zilizopangwa wima na nguvu ya farasi 60, na hatimaye weusi ulioenea katika miaka ya 1960 na kubaki kuwa alama ya Mercury hadi leo. Weusi huo una faida ya macho inayostahili kuzingatiwa, kwani mashine ya silinda sita ni ndefu, na kitu cheusi huonekana chembamba na kifupi kuliko kitu cheupe cha kipimo kilekile. Mashine ya mwaka 1957 iliyopakwa weusi wa miaka ya baadaye inasema uongo kuhusu umri wake, na mjuzi huutambua uongo huo kutoka mbali.

Ugumu ni kwamba rangi ya asili haionekani pale inapotafutwa kwanza. Sehemu ya juu ya kifuniko, ambayo jicho huiendea, ndiyo iliyopigwa na jua kwa miongo kadhaa: buluu yake imepauka, wekundu wake umegeuka vumbi, na rangi ya maziwa iliyoonekana kuwa ya asili huenda ni nyeupe iliyoingia umanjano kwa uzee wa mafuta yaliyomo. Mrekebishaji mwangalifu hutafuta penye giza, yaani chini ya vibanio vinavyoshika ubao wa tezi, nyuma ya kifuniko kilipopishana na mwili wa mashine, na chini ya nembo ya kubandika, ambayo huitunza rangi iliyofunikwa kwa uaminifu wa ajabu. Akishapata pahali hapo, hupiga msasa laini kwa maji katika mduara mdogo, akisimama kila tabaka jipya linapojitokeza, mpaka aone rangi zote zilizowahi kupakwa zikiwa zimezungukana kuanzia ya juu kabisa hadi madini, pamoja na praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikilia zile zinazofuata. Hapo ndipo hadithi ya mashine inapoweza kusomwa, na mara nyingi hubainika kwamba rangi ambayo familia nzima iliapa kuwa ndiyo ya kiwanda ilipakwa na babu yao kwa brashi wakati wa kiangazi kimojawapo.

Kuitambua rangi hakutoshi bila kuitaja kwa namna inayoweza kurudiwa. Neno buluu halimsaidii mchanganyaji rangi, na picha ya simu humdanganya, kwa kuwa kamera hurekebisha mwanga kwa hiari yake. Utaratibu unaofaa ni ule uliobuniwa na Mmarekani Albert Munsell mwanzoni mwa karne ya 20, unaoieleza kila rangi kwa vipimo vitatu: jina lake katika mzunguko wa rangi, kiwango chake cha weupe au weusi, na kiasi cha kukolea kwake. Sampuli ikishalinganishwa na kadi za utaratibu huo, ni lazima ilinganishwe tena nje juani, kisha kivulini na hatimaye chini ya taa, kwa sababu rangi mbili zilizotengenezwa kwa poda tofauti zinaweza kufanana kabisa chini ya mwanga mmoja na kuachana chini ya mwanga mwingine. Boti huishi juani na juu ya maji yanayorudisha mwanga kutoka chini, kwa hiyo hukumu ya mwisho ya rangi yake haipaswi kutolewa karakanani.

Alumini nayo ina masharti yake, kwa kuwa huzalisha ngozi nyembamba ya oksidi mara tu inapokwanguliwa, na rangi iliyopakwa juu ya ngozi hiyo hubanduka vipande vipande hata kama ni ya bei ghali. Viwanda vilitatua tatizo hili kwa kuitibu kwa tindikali na kuipaka praima ya kromati ya zinki, yenye umanjano wa kijani, ambayo mrekebishaji huikuta chini kabisa ya miduara yake ya msasa. Praima hiyo ina kromiamu ya aina inayosababisha saratani, na rangi kuukuu za boti nyingi zina risasi, ambayo Marekani iliipiga marufuku katika rangi za majumbani mwaka 1978. Kwa sababu hiyo msasa mkavu na upepo wa kompresa havifai kabisa katika hatua ya kuondoa rangi, na barakoa nyepesi ya kitambaa haimkingi mtu yeyote. Aidha, ikumbukwe kwamba mashine nyingi za ukanda huu zimefanya kazi katika maji baridi ya maziwa, ambayo huiacha rangi ikiwa imeshika hata baada ya nusu karne, ilhali mashine ya aina hiyohiyo iliyotumika baharini huwa na malengelenge ya chumvi chini ya rangi, na ushahidi wa rangi yake ya asili huwa umeliwa pamoja na alumini yenyewe.

Kutoka Milwaukee barabara hushuka hadi Waukegan, ambako kampuni ya Johnson ilihamia mwaka 1927. Hapa safari hugeuka kuwa ya huzuni. Kiwanda kilichotoa mashine za kijani, na baadaye katika muongo wa 1950 mashine za rangi ya damu ya mzee na kisha nyeupe, kilitumia katika mitambo yake ya kusubu alumini mafuta yaliyokuwa na kemikali za PCB, ambazo ni sumu isiyooza kwa urahisi; kemikali hizo zilivuja hadi bandarini, na eneo hilo likaingizwa katika orodha ya kitaifa ya maeneo ya kusafishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shirika lililomiliki Johnson na Evinrude lilifilisika mwezi Desemba mwaka 2000, na jina la Evinrude, lililonunuliwa na kampuni ya Kanada, liliondolewa sokoni mwaka 2020. Kwa mpaka rangi, matokeo yake ni kwamba hakuna tena kiwanda cha kuandikiwa barua ya kuuliza kijani ya mwaka 1952 ilichanganywaje. Maarifa hayo yamebaki mikononi mwa wanachama wa Klabu ya Mashine Kuukuu za Kupachika, iliyoanzishwa mwaka 1965, wanaohifadhi sampuli, vijitabu vya mauzo na vifuniko ambavyo havijaguswa, na wanaoshirikiana na wachanganyaji wadogo wa rangi kuzitengeneza upya.

South Bend haihitaji kituo kirefu. Hapa ndipo ndugu wa familia ya Johnson walipotoa, mwanzoni mwa miaka ya 1920, mashine ya silinda mbili yenye uzito wa takriban kilo 16 iliyowatikisa washindani wao, na kwa kuwa nayo ilikuwa alumini tupu, funzo lake la rangi ni lilelile la Milwaukee.

Sandusky ni tofauti, kwa sababu ndipo boti inapoanza kuijibu mashine. Mji huu wa Ohio unatazamana na rasi ya Cedar Point, ambayo vyuma vya michezo yake ya burudani huonekana ng'ambo ya ghuba, na mwaka 1928 ulipokea kampuni ya Lyman, iliyoanzishwa Cleveland mwaka 1875. Boti za Lyman zilijengwa kwa mbao zinazopandana, yaani kila ubao ukilalia ukingo wa ule wa chini yake, jambo lililozifanya zikate mawimbi mafupi na makali ya Ziwa Erie kwa upole usiotarajiwa katika chombo kidogo. Mpango wa rangi wa Lyman ulikuwa wa kiasi: ubavu mweupe, sitaha na ubao wa tezi vya mkangazi wa Amerika uliopakwa vanishi, na sakafu ya ndani yenye rangi ya mchanga. Makumbusho ya mji huo yanayohusu mambo ya majini huonyesha boti hizo, na mtu akizitazama kwa makini huona kwamba hakuna hata rangi moja iliyowekwa kwa ajili ya pambo tu.

Weupe wa ubavu hurudisha joto la jua. Ubao uliopakwa rangi ya giza hupata joto kali mchana, hukauka, husinyaa na kufungua maungio, kisha usiku huvuta unyevu na kuvimba tena, na mwendo huo ukirudiwa kwa misimu kadhaa misumari hulegea na rangi hupasuka katika mstari wa kila ungio. Weupe huupunguza mwendo huo. Rangi ya mchanga sakafuni haichomi macho kama nyeupe, haipati joto kama kahawia, na haionyeshi uchafu wa viatu vya wavuvi. Basi mrekebishaji anayetaka ubavu wa buluu iliyokolea kwa sababu ameipenda katika picha ya boti ya kisasa anapaswa kujua kwamba boti hiyo ya picha ni ya plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, ambayo haina maungio ya kufunguka, na kwamba boti yake ya mbao italipia uzuri huo.

Ndani ya mipaka hiyo boti ina uhuru ambao mashine haina. Boti nyingi ndogo zilipakwa upya na wenyewe kila masika, na baadhi zilitoka kiwandani bila kumaliziwa ili mnunuzi apake mwenyewe, kwa hiyo rangi ya mmiliki wa pili au wa tatu nayo ni sehemu halali ya maisha ya chombo. Mashine haikupitia desturi hiyo. Rangi yake ilipulizwa na kukaushwa kwa joto la tanuri, ikakusudiwa kudumu. Kutokana na tofauti hii hufuata kanuni ambayo inafaa kushikwa bila woga: rangi ya mashine ithibitishwe kwanza, iandikwe, ikamilishwe, kisha mashine ifungwe kwenye boti ambayo bado haijapakwa rangi, ili rangi za boti zichaguliwe mbele yake.

Kinachoonekana wakati huo kilielezwa na mkemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul, msimamizi wa upakaji rangi wa nyuzi katika karakana ya mazulia ya Gobelins, katika kitabu chake cha mwaka 1839, pale alipoonyesha kwamba rangi mbili zikikaa pamoja kila moja huisukuma nyingine ielekee upande ulio kinyume na wake. Mkangazi wenye vanishi una wekundu wa machungwa, na kinyume cha machungwa ni buluu, ndiyo maana mashine ya Evinrude ya miaka ya 1950 ikifungwa kwenye ubao wa tezi wa Lyman huonekana kuwa ya buluu zaidi kuliko ilivyokuwa karakanani, na mbao nazo huonekana kuwa na joto zaidi. Kijani ya Johnson hutulia vizuri penye mkangazi wenye wekundu mwingi. Tatizo liko katika ile damu ya mzee, ambayo iko karibu mno na rangi ya mkangazi kiasi kwamba vyote viwili hufifishana, na tezi nzima ikaonekana kama kitu kimoja kizito. Dawa yake si kuibadilisha mashine, bali ni kupunguza wekundu wa rangi ya kutia mbao kabla ya vanishi, au kuupa ukingo wa juu wa ubao wa tezi utepe mweupe mwembamba unaozitenganisha rangi hizo, kwa kuwa mstari mweupe kati ya rangi mbili ndugu huzirudishia zote mbili nguvu zake.

Mahali pengine pa kujibiana ni mstari wa maji, yaani utepe unaopakwa pale uso wa maji unapogusa ubavu, ukiutenga ubavu na rangi ya chini. Utepe huo ni mdogo, na kwa sababu hiyo unaweza kubeba rangi ya mashine bila kuonekana kama nguo ya sare; buluu ya Evinrude, ikirudiwa katika utepe huo peke yake, huunganisha tezi na omo kwa jicho la mtu aliye pembeni. Kuirudia tena katika viti, sakafu na kamba ni kuzidisha. Chini ya utepe hukaa rangi ya kukinga, ambayo katika boti nyingi za Marekani ilikuwa na poda ya shaba, ikatoa kahawia ya shaba inayojulikana hadi leo, kwani shaba huua mwani na viumbe vinavyojishikiza kwenye mbao. Ni mantiki ileile iliyoyapa majahazi ya pwani ya Uswahili tumbo jeupe kutokana na deheni ya chokaa na shahamu: rangi ilitokana na dawa, wala haikuchaguliwa kabla yake. Rangi za kukinga zenye bati la kikaboni, zilizokuja baadaye, zilidhuru konokono na chaza kiasi kwamba Marekani ilizidhibiti kwa sheria ya mwaka 1988, na mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku, uliopitishwa mwaka 2001, ukaanza kutumika mwaka 2008; anayekwangua chini ya boti iliyowahi kuishi baharini hana budi kuukusanya unga wote.

Kituo cha mwisho, Clayton, kiko katikati ya Visiwa Elfu, ambavyo kwa hesabu ya kawaida hupita 1,800 na vimetawanyika juu ya mpaka wa Marekani na Kanada. Jumba la makumbusho ya boti za kale lililo hapo hutunza mamia ya vyombo, na humo mkangazi hutawala, hasa katika boti ndefu za matembezi zenye injini ya ndani. Boti za Chris-Craft, zilizotoka Algonac katika jimbo la Michigan, huthibitisha kwamba hata injini isiyoonekana ilikuwa na rangi yake: za baada ya vita zilipakwa buluu, ilhali washindani walitumia kijivu au nyekundu, na anayefungua kifuniko cha injini ya Chris-Craft akakuta nyekundu hana haja ya kuuliza kama kuna kilichobadilishwa. Kampuni hiyo pia ilicheza na mbao zenyewe, ikiufanya mkangazi wa baadhi ya sehemu za sitaha kuwa mweupe kwa dawa ili utofautiane na wekundu wa ubavu, na mwaka 1955 ikatoa Cobra, yenye sitaha ya mbao za rangi ya asali na pezi la dhahabu juu ya injini. Yapo macho yanayoiona Cobra kuwa imepita kiasi. Hata hivyo dhahabu yake ni ya haki, kwa kuwa ndivyo ilivyotoka, na kuipunguza kwa ajili ya ladha ya leo kungekuwa kuiondoa katika mwaka wake.

Vanishi huzua kishawishi cha aina nyingine. Vanishi ya zamani hupigwa mkono juu ya mkono, mara nyingi minane au kumi, ikipigwa msasa kati ya kila mmoja, na mng'aro wake una kina kidogo cha umanjano. Rangi na vanishi za leo za michanganyiko miwili, zinazokauka kwa kuchangamana kikemia, hutoa mng'aro mkali kama kioo ambao hakuna boti ya mwaka 1950 iliyowahi kuwa nao. Zinadumu zaidi, na kwa boti inayofanya kazi kila siku zina hoja yake, ila katika boti inayodai kuwa shahidi wa wakati wake mng'aro huo ni kosa la rangi kama lilivyo kosa la kuchagua buluu isiyo sahihi. Chama cha Boti za Kale na za Jadi, kilichoanzishwa mwaka 1975 na kinachotenga vyombo vya hadi mwaka 1918, vya 1919 hadi 1942 na vya baada ya hapo, hutofautisha pia boti iliyohifadhiwa na boti iliyorekebishwa kwa kutazama kiasi cha mbao za asili zilizobaki, na waamuzi wake humtarajia mwenye boti athibitishe rangi zake.

Uthibitisho huo ni rahisi kuuandaa mapema na karibu hauwezekani baadaye. Wapo warekebishaji ambao huandika kwenye karatasi moja vipimo vya Munsell vya kila rangi waliyoikuta, mahali walipoikuta, jina la mchanganyiko walioutumia na tarehe ya kila mkono, wakaifunga karatasi hiyo katika mfuko usioingia maji na kuiweka chini ya kiti cha nyuma. Kisha huacha pahali padogo chini ya kibanio cha mashine, upana wa vidole viwili hivi, pasipopakwa kitu chochote isipokuwa vanishi ya kulinda, ili miduara ya msasa yenye rangi zote za mashine hiyo iendelee kusomeka na fundi atakayekuja kuifungua tena.